Lady Heath: Rubani aliyenyimwa ajira, akaacha mlango wazi kwa wengine

Na Mwandishi Wetu, Mafia

NDEGE ndogo inapotua katika uwanja wa Kilindoni, wilayani Mafia, si wenye mizigo na wageni wa hoteli za Utende peke yao wanaoiangalia. Wapo pia vijana wa kisiwa hiki ambao macho yao hayako kwa abiria wala mizigo, bali kwa mtu mmoja tu, yule aliyekaa mbele upande wa kushoto.

Kwa mtoto aliyezaliwa kisiwani, ndege si anasa ya kuonekana kwenye televisheni. Ni chombo kinachomtoa mgonjwa Mafia na kumfikisha Dar es Salaam kwa muda usiozidi saa moja, wakati wenzake wanasubiri boti ya Nyamisati na kuombea bahari itulie. Ndiyo maana si ajabu kumkuta kijana wa Kirongwe au Jibondo akisema anataka kuwa rubani.

Tatizo huanza baadaye. Wazazi huuza shamba la minazi, ndugu huchanga, kijana husoma na kupata leseni. Kisha anaandika barua za kuomba kazi, moja, mbili, kumi. Nyingine hazijibiwi. Zinazojibiwa zinasema nafasi hakuna, au saa zake za kuruka hazitoshi. Baada ya mwaka mmoja kijana yuko nyumbani, leseni iko sandukuni, na minazi ya baba ni mali ya mtu mwingine.

Kwa kijana huyo na kwa wazazi wake, safu hii leo inamleta mwanamama aliyepita njia hiyo miaka karibu 100 iliyopita. Alikuwa na leseni, ujuzi na sifa iliyovuma duniani, lakini mashirika ya ndege hayakumpa ajira ya kudumu. Alisomea kilimo, mumewe alikuwa na shamba hapa Afrika Mashariki, na aliwahi kuipita anga ya Tanganyika akiwa peke yake ndani ya ndege isiyo na paa. Dunia ilimjua kwa jina la Lady Heath.

Mafia na ndege ni watu wa siku nyingi

Kabla ya kumfuata mwanamama huyo, ni vizuri msomaji akumbuke kwamba Mafia iliziona ndege mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Mwishoni mwa mwaka 1914, Waingereza walikuwa wakiitafuta manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, iliyokuwa imejificha ndani ya delta ya Mto Rufiji, ng'ambo ya Mafia. Walimkodi rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, pamoja na ndege zake za kutua majini, wakamweka katika kisiwa kidogo cha Nyororo, kaskazini mwa Mafia. Cutler aliiona manowari hiyo, lakini mwezi Desemba mwaka huo injini ilimwangusha karibu na mdomo wa Rufiji, akachukuliwa mateka.

Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia na baadaye wakatengeneza kiwanja cha ndege kisiwani. Kutoka hapo marubani wa jeshi la majini waliruka juu ya delta na kuwaelekeza wapiga mizinga, mpaka Königsberg ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Kwa hiyo babu zetu wa Mafia walishuhudia marubani wakifanya kazi miaka mingi kabla mashirika ya ndege hayajafika kwetu. Jambo moja tu halikuwapo wakati huo. Miongoni mwa marubani hao hakukuwa na mwanamke.

Yatima aliyesomea kilimo

Lady Heath alizaliwa Novemba 1896 katika kijiji cha Knockaderry, wilaya ya Limerick, nchini Ireland. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Sophie Peirce-Evans.

Maisha yake yalianza kwa msiba mzito. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja hivi, baba yake alimpiga mama yake hadi kumuua. Mahakama ilimtia hatiani na kumwona hana akili timamu, akafungiwa. Mtoto alichukuliwa na babu yake pamoja na shangazi zake wawili katika mji wa Newcastle West, ambao hawakupenda kabisa kumwona msichana akijishughulisha na michezo.

Alikua akawa mrefu, karibu futi sita, mwenye nguvu na asiyependa kukaa bure. Alipofikia umri wa masomo ya juu alijiunga na Chuo cha Sayansi cha Kifalme mjini Dublin, akachukua masomo ya sayansi na kilimo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, aliacha masomo kwa muda, akafanya kazi ya kupeleka barua za jeshi kwa pikipiki, Uingereza na Ufaransa, kwa miaka miwili. Hapo ndipo alipozoea injini. Pikipiki za wakati huo ziliharibika kila mara, na aliyeiendesha ndiye aliyekuwa fundi.

Mwaka 1916 aliolewa na ofisa wa jeshi, William Elliott-Lynn. Baada ya vita mume huyo alikuja Afrika Mashariki kujaribu bahati yake katika kilimo, kama walivyofanya maofisa wengi wa Kiingereza wa wakati huo. Mkewe alimfuata akaishi huku kwa vipindi, na mwaka 1925 akatoa kitabu cha mashairi kuhusu usiku wa Afrika Mashariki. Ndoa yenyewe haikudumu kwa raha, na Elliott-Lynn alifariki dunia mwaka 1927.

Kule Uingereza mwanamama huyo alikuwa amejijengea jina katika riadha. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha riadha cha wanawake mwaka 1922 na alikuwa bingwa wa kurusha mkuki. Mwaka 1925 alikwenda Prague kuutetea uanamichezo wa wanawake mbele ya mkutano wa Olimpiki. Miaka mitatu baadaye, mjini Amsterdam, wanawake walishindana katika riadha ya Olimpiki kwa mara ya kwanza.

Alipotaka kazi, akakuta mlango umefungwa

Mwaka huohuo wa 1925, mwezi Agosti, klabu ya ndege nyepesi ya London ilifunguliwa katika uwanja wa Stag Lane. Mwanamama huyo alikuwa mwanamke wa kwanza kujiunga. Katika muda mfupi alipata leseni ya kuruka kwa matembezi.

Lakini hakutaka kuruka kwa matembezi tu. Alitaka kuruka kwa malipo, na hapo ndipo alipokutana na ukuta.

Aprili 1924, tume ya kimataifa ya usafiri wa anga ilikuwa imepitisha azimio la kuwazuia wanawake wasifanye kazi yoyote katika kuendesha ndege zinazobeba abiria. Sababu iliyotolewa haikuhusu ujuzi wala masomo. Wakubwa walidai maumbile ya mwanamke, hasa siku zake za mwezi, yanaweza kumfanya apoteze uwezo akiwa angani.

Msomaji aangalie hapa mwanamama huyo alifanya nini, maana wengi wetu tungeishia kulalamika barazani. Aliichukua sababu yenyewe waliyoitoa, akaitafutia jibu. Aliwaandikia wahusika na kujitolea apimwe yeye mwenyewe. Alipimwa na madaktari, akaruka mbele ya wakaguzi, zikiwamo siku ambazo wakubwa walisema mwanamke hawezi.

Hawakupata kosa. Mwaka 1926 zuio lile liliondolewa, naye akawa mwanamke wa kwanza nchini Uingereza kupata leseni ya urubani wa biashara. Wanawake wote waliopata leseni hiyo baada yake, ndani ya himaya ya Uingereza na nje, walipita mlango ambao yeye aliusukuma.

Hata hivyo, kuondolewa kwa zuio hakukuwa sawa na kupata kazi. Imperial Airways, kampuni kubwa ya ndege ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1924, haikuwa na nafasi kwa rubani mwanamke. Sheria ilikuwa imebadilika, lakini waajiri walikuwa bado palepale.

Akapita juu ya Tanganyika

Alipoona barua hazimfikishi popote, aliamua kuonyesha kwa vitendo. Oktoba 1927 alikuwa ameolewa tena, safari hii na tajiri wa viwanda Sir James Heath, mzee wa miaka 75. Ndoa hiyo ilimpa jina la Lady Heath na fedha za kununulia ndege.

Ndege yenyewe ilikuwa Avro Avian, chombo chepesi chenye injini moja na kiti kilicho wazi juu. Aliisafirisha kwa meli hadi Afrika Kusini. Mapema mwaka 1928 akaanza safari ya kuirudisha London kwa kuirusha mwenyewe, kutoka Cape Town, akilipanda bara zima la Afrika.

Alidhani angetumia wiki tatu. Ikawa ni miezi. Karibu na Bulawayo jua kali lilimpiga kichwani, akapoteza fahamu mara tu baada ya kuishusha ndege porini. Wenyeji ndio waliomhudumia mpaka akapata nguvu.

Njia ya anga ya wakati huo kutoka kusini ilipita Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, kisha Tabora, Mwanza na Kisumu. Ni njia ya bara, kwa hiyo watu wa Mafia hawakumwona. Lakini kwa yeyote anayeijua Tanzania, kuruka juu ya miombo ya Tabora bila redio, bila rada na bila uwanja wa dharura si jambo la mchezo.

Alipofika mpakani mwa Sudan alikuta kikwazo kingine cha karatasi. Watawala wa Kiingereza hawakuruhusu mwanamke aruke peke yake juu ya Sudan ya kusini. Hakugombana nao. Rubani wa jeshi la Afrika Kusini, Luteni Richard Bentley, aliyekuwa akipita njia hiyo, alimsindikiza mpaka mbele, kisha akaendelea peke yake.

Tarehe 17 Mei 1928 alitua Croydon, London. Hakuna rubani, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa amewahi kuitoa ndege ndogo ya wazi Cape Town na kuifikisha London peke yake. Wapigapicha waliomngoja walimwona akishuka amevaa vizuri, kana kwamba ametoka kwenye karamu.

Mwezi uliofuata, Mmarekani Amelia Earhart, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amevuka Bahari ya Atlantiki kama abiria, aliinunua ndege hiyohiyo ya Lady Heath. Hivyo safari ambayo wengine waliiona ya kujionyesha ilimalizika pia kwa biashara.

KLM wampa nafasi, lakini si ajira

Baada ya safari hiyo jina lake lilikuwa katika kila gazeti, na shirika la Uholanzi, KLM, likakubali kumjaribu. Mwaka huohuo wa 1928 alipanda ndege za abiria aina ya Fokker kati ya Amsterdam na London akiwa rubani msaidizi. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukaa katika kiti hicho katika shirika kubwa la ndege.

Kijana anayesoma makala haya angedhani kuwa hapo ndipo mambo yalipomnyookea. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kazi ya majaribio, na majaribio yalipokwisha ajira ya kudumu haikuja. Ndege ilitua salama kila mara, lakini kiti chake kikabaki cha wanaume.

Katika maombi ya kazi, hili ndilo pigo linaloumiza kuliko yote. Anayekataliwa kwa kukosa sifa anajua la kufanya, atarudi darasani. Anayekataliwa baada ya kutimiza kila alichoambiwa hana pa kurudi. Wengi huanza kujichukia wenyewe, na wazazi nao huanza kuulizana kama fedha ya shamba iliteketea bure.

Lady Heath hakukaa akingoja KLM wabadilishe mawazo. Alikwenda Marekani mwishoni mwa mwaka 1928 akiwa na mali mbili ambazo hakuna mwajiri angeweza kumnyang'anya, yaani elimu yake ya injini na jina lake. Alilipwa kwa kutoa mihadhara na kwa kuonyesha ndege nyepesi na injini zake kwa wanunuzi. Alifanya pia mtihani wa ufundi, akapata leseni ya fundi wa ndege nchini humo.

Pigo la Cleveland

Agosti 1929 alikuwa mjini Cleveland, ambako mashindano makubwa ya ndege ya Marekani yalikuwa yakifanyika. Tarehe 29 ya mwezi huo, akiwa katika mazoezi, ndege yake iligonga paa la kiwanda na kutumbukia ndani.

Alitolewa akiwa mahututi, kichwa kimepasuka. Madaktari walimwokoa, lakini waliomfahamu kabla ya ajali walisema hakurudi tena kuwa yule wa zamani. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Ndoa yake na Sir James ilivunjika. Mwaka 1931 aliolewa kwa mara ya tatu na rubani mwenye asili ya Trinidad, G.A.R. Williams, aliyekuwa pia mtu wa farasi. Wawili hao walirudi Ireland.

Huko, katika uwanja wa Kildonan nje kidogo ya Dublin, Lady Heath alifanya kazi ambayo magazeti hayakuishangilia sana, lakini huenda ndiyo iliyozaa matunda mengi kuliko zote. Alifundisha vijana kuruka na kutengeneza ndege. Katikati ya miaka ya 1930 yeye na mumewe waliendesha kampuni yao, Dublin Air Ferries.

Mwaka 1936 Ireland ilianzisha shirika lake la ndege, Aer Lingus. Baadhi ya marubani na mafundi waliokuja kufanya kazi katika shirika hilo walikuwa wamepitia mikononi mwake. Mtu aliyenyimwa kiti katika shirika la ndege akawa ndiye anayewaandaa watu wa kukaa katika viti hivyo.

Kampuni hiyo haikumtajirisha. Biashara ya ndege ndogo ilikuwa ngumu, fedha zikaisha, ndoa ya tatu nayo ikafa. Pombe ilimwandama katika miaka yake ya mwisho. Mei 1939 alianguka ndani ya tramu mjini London, akafariki dunia kutokana na majeraha. Alikuwa na umri wa miaka 42.

Wengine nao waligonga mlango uleule

Lady Heath hakuwa peke yake. Nchini Kenya, Beryl Markham, aliyekulia katika shamba la baba yake huko Njoro, alipata leseni ya urubani wa biashara mwaka 1933. Hakusubiri shirika limwajiri. Alijiajiri kwa kubeba barua, dawa na abiria kwenda migodini na mashambani, na kwa kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Baadaye alirudi Kenya, akafanikiwa katika kufuga na kufundisha farasi wa mashindano.

Mjini Nairobi, mjane Florence Kerr Wilson, ambaye hakuwa rubani, alianzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929 na kuwaajiri marubani wanaume. Uwanja wa Wilson wa Nairobi unabeba jina lake.

Marekani, Helen Richey aliajiriwa na shirika la Central Airlines mwaka 1934, lakini chama cha marubani kilimkataa, na mwaka uliofuata akaondoka. Ilibidi dunia isubiri hadi mwaka 1969 ndipo Turi Widerøe wa Norway akawa rubani wa shirika kubwa la SAS. Ni miaka 41 tangu Lady Heath aliposhuka katika Fokker ya KLM.

Somo kwa kijana na mzazi wa Mafia

Maisha ya Lady Heath si hadithi ya mtu aliyeshinda mwishoni. Alikufa maskini na akiwa na umri mdogo. Lakini mtu wa biashara au mkulima anaweza kuokota mambo kadhaa ndani yake.

Kwanza, ni kujua sababu halisi ya kukataliwa. Lady Heath aliandikiwa sababu, akaijibu kwa vipimo. Kwa rubani wa leo sababu mara nyingi ni hesabu. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya biashara hutolewa kwa mtu mwenye saa 200 za kuruka, au 150 kama amesoma katika mafunzo maalumu yaliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ile ya rubani mkuu wa ndege kubwa za abiria, inahitaji saa 1,500. Katikati hapo pana shimo. Kampuni ya bima humuuliza mwajiri rubani wake ana saa ngapi, na mwajiri humuuliza kijana.

Kijana anayejua hivyo hawezi kuisoma barua ya kukataliwa kama hukumu juu ya utu wake. Ataisoma kama mkulima anavyosoma mvua. Swali linakuwa saa zinazopungua atazipata wapi, iwe kwa kufundisha wengine, kunyunyizia dawa mashambani, kuruka katika hifadhi au kubeba mizigo.

Pili, ni kutoweka mbegu zote katika shimo moja. Mwanamama huyu alikuwa rubani, fundi, mwalimu, mwandishi na muuzaji. Mlango mmoja ulipofungwa alikuwa na kazi nyingine ya mikono. Mkulima wa Mafia analielewa hili bila kufundishwa. Mnazi huchukua miaka sita hivi kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo chini yake hupandwa muhogo na mbaazi, na mwenye shamba huwa pia na ngalawa au kamba za mwani. Ajabu ni kwamba tukimpeleka mtoto kusoma urubani tunasahau elimu hiyo, tunang'oa kila kitu tumpandie mti mmoja.

Tatu, mzazi apige hesabu ya miaka ya kusubiri, si ya ada peke yake. Kati ya leseni na mshahara wa kwanza inaweza kupita miaka. Kuna leseni ya kuilinda kwa vipimo vya daktari na mitihani ya kila mara, na yote ni fedha. Familia inayouza shamba lote kulipa ada haibakiwi na kitu cha kumshikilia kijana wakati barua zinarudi. Ni afadhali kuuza sehemu, kuacha minazi inayozaa, na kuanza na fani kama ufundi wa ndege au uongozaji wa ndege, ambayo inaweza kumpa riziki akiwa njiani kuelekea kwenye usukani.

Nne, na hili ni zito, kijana aliyekataliwa asiachwe peke yake. Lady Heath alibeba maumivu mengi, ya utotoni, ya ajali na ya kazi, na chupa ndiyo iliyokuwa msikilizaji wake mwishoni. Sisi visiwani tuna baraza, tuna jamaa na majirani. Kijana akirudi nyumbani bila kazi, dhihaka ya kumwita rubani wa ardhini inaweza kuonekana utani, lakini humaliza nguvu zilizobaki. Mzazi mwenye busara atampa kazi ya kufanya asubuhi, na jioni atamwuliza ameandika barua ngapi wiki hii.

Njia ya kurukia ya Kilindoni, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya changarawe, iliwekwa lami kwa msaada wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Ndege zinatua kwa utulivu kuliko zamani na wageni wanaokuja kumwona papa potwe wanafika bila vumbi. Kiti cha mbele upande wa kushoto bado ni kigumu kukipata, kwa mwanamume na kwa mwanamke.

Lakini leo hakuna azimio la tume yoyote linalomzuia binti wa Chole au Juani kukiomba. Azimio lilikuwapo, likaondolewa mwaka 1926, na aliyeliondoa alikuwa mwanafunzi wa kilimo ambaye mashirika ya ndege hayakumpa ajira ya kudumu.